Gesi Tu, Bosi

Jumatatu
Kiyoyozi cha Corolla leo kimetoa hewa ileile iliyokuwa nje, ila yenye vumbi. Februari ya Dar es Salaam haihitaji nyongeza. Mama mkwe, aliyekuwa kiti cha mbele, alisema hakuna neno, kisha akajipepea kwa bahasha ya hospitali kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Kibandiko chini ya boneti kinasema R-12, gramu 700. Gari ni la 1990. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zetu zilipewa hadi 2010 kuachana nayo. Corolla haikuambiwa.

Jumanne
Gerezani. Fundi hakuona haja ya kufungua boneti. “Gesi tu, bosi. Nusu saa.” Akaleta mipira ya geji za R-134a, gesi iliyorithi nafasi ya R-12, haikuingia. Midomo ya R-12 ni ya kukaza kwa nati, ya R-134a ni ya kubana, na hata hiyo ya kubana, ule wa presha kubwa haulingani na wa presha ndogo. Imefanywa hivyo makusudi, watu wasichanganye gesi. Fundi aliliona jambo hilo kuwa ni uonevu. Akabonyeza valvu kwa bisibisi ili atoe gesi iliyobaki. Ikatoka pumzi moja fupi. Akaenda kutafuta adapta. Maduka yakafungwa.

Jumatano
Duka la spea. Muuzaji alitoa kopo la R-12 chini ya kaunta, “orijino kabisa”, kwa bei inayokaribia ya kompresa. Makopo ya namna hiyo mengine hujazwa gesi za jamii ya ile ya kupikia. Sikununua. Jiko ninalo nyumbani.

Alhamisi
Fundi mwingine, mtu mzima, si msemaji. Huyu aliulizia mafuta kabla ya gesi. Mafuta ya madini yanayotembea na R-12 hayachanganyiki na R-134a: hutuama kwenye evaporeta huku kompresa ikizunguka kavu mpaka ife. “Haifi siku hiyo,” alisema. “Inakufa aliyejaza gesi akiwa ameshahama.” Akaishusha kompresa, akaipindua, akakamulia mafuta kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akaweka ya esta, ambayo hayagombani sana na masalio ya zamani. Draya nayo ikabadilishwa, maana chembe zake za kunyonya unyevu ni za enzi ya R-12 na gesi mpya huziharibu. Oringi nyeusi zikatoka, za kijani zikaingia. Gereji haina pa kumwaga mafuta machafu, kwa hiyo nimerudi nyumbani na chupa.

Ijumaa
Chupa haionekani. Bawaba za mlango wa jikoni hazilii tena, na cherehani ya mama mkwe inakwenda vizuri. Hakuna aliyeuliza.
Gereji, pampu ya vakyumu ilipangwa kufanya kazi dakika 45 ili kutoa hewa na unyevu. Unyevu ukibaki huganda kwenye valvu, au huzaa tindikali inayokula vyuma. Umeme ukakatika katikati. Fundi akafunga geji, akaketi juu ya tairi, akautazama mshale. Ukaanza kurudi polepole. Kumbe oringi moja nyeusi ilikuwa imesahaulika nyuma ya kondensa. Waliokata umeme hawajadai malipo ya uchunguzi.

Jumamosi
Kujaza. Msaidizi alitaka aendelee mpaka mapovu yaishe kwenye kioo cha draya, kama alivyofundishwa. Mzee akamzuia: kwa R-134a, ukisubiri mapovu yaishe kabisa huenda umeshazidisha, na presha itapanda kuliko kondensa hii inavyoweza kuhimili. Kipimo ni uzito, asilimia 80 hadi 85 ya gesi ya zamani. Mizani gereji hakuna. Tukaazima ya bucha. Mwenye bucha aliileta mwenyewe, akasimama pembeni kuilinda, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yake ya mauzo. Mtungi ulipopungua gramu 580, akauliza kama atufungie.

Jumapili
Nimempeleka mama mkwe kanisani. Kipimajoto kwenye tundu la hewa kilisoma nyuzi 8 barabara ilipokuwa wazi, na 17 kwenye foleni ya Buguruni. Kondensa ni ileile ya zamani, na R-134a inapenda kubwa zaidi na upepo mwingi zaidi. Mama mkwe aliuliza, “Mwanangu, hii baridi ni ya lazima?” Akashusha kioo.
Jioni nimesoma kidogo. R-134a haina klorini, kwa hiyo ozoni iko salama. Lakini kilo yake moja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na mwaka 2016, hapo Kigali, nchi zilikubaliana matumizi ya gesi za jamii yake yapunguzwe hatua kwa hatua. Ulaya, magari mapya yameshahamia R-1234yf.
Midomo yake nayo ni tofauti.