Waraka kwa Wazimaji wa Jeni: Ini Limeitika, Bisheni na Mlango Mwingine

Kwa waheshimiwa watafiti, wafadhili na wakuu wa kampuni za dawa za kuzima jeni,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha kidato cha sita hapa Tanga. Siku moja nilikuwa nikieleza darasani kwamba seli ya saratani mara nyingi huendeshwa na jeni chache zilizokataa kunyamaza, na kwamba ninyi mmegundua namna ya kuzinyamazisha. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama jeni wanaijua na dawa wanayo, mbona watu wanaendelea kufa?" Nikamjibu kwamba dawa haifiki inakotakiwa. Nilimwambia kweli, lakini kweli fupi mno. Nimeona niwaandikie ninyi mlio na kweli ndefu.

Kwanza niwape haki yenu. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia minyoo wadogo sana, kwamba RNA ya nyuzi mbili ikiingia ndani ya seli huizima jeni inayofanana nayo. Mwaka 2001 Thomas Tuschl na wenzake wakathibitisha kwamba vipande vya herufi 21 tu vinatosha kufanya kazi hiyo katika seli za binadamu. Mwaka 2006 Fire na Mello wakapewa tuzo ya Nobel, na waliistahili. Hata kuifundisha kazi hii ni raha. Jeni hutoa nakala ya agizo lake, nakala hupelekwa mahali protini zinapotengenezwa, na kipande chenu huidaka na kuikata kabla haijasomwa. Agizo likikatwa, protini haitengenezwi.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Baada ya sifa zile mlisema na umma kana kwamba shughuli imekwisha, ilhali sehemu nzito ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, nayo ni usafiri. RNA ikidungwa tupu mshipani hukatwakatwa na vimeng'enya vya damu, na inayosalimika huchujwa na figo ikatoka na mkojo. Ile inayoifikia seli hukuta utando usioipitisha, maana ni kubwa na ina chaji hasi. Ndipo mkaifunga ndani ya chembe ndogo za mafuta, na chembe hizo zikapokewa na ini, kiungo ambacho damu nyingi hupita kila dakika na ambacho kwa kawaida hunyonya mafuta. Mwezi Agosti 2018 Marekani ikaidhinisha patisiran, dawa ya kwanza ya aina hii, kwa ugonjwa wa kurithi unaotokana na protini inayotengenezwa kwenye ini. Bei iliyotangazwa kule ilikuwa dola 450,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Kisha mkapata ufunguo mzuri zaidi, sukari iitwayo GalNAc, ambayo seli za ini huishika na kuivuta ndani. Kwa ufunguo huo ikapatikana inclisiran, sindano ya kupunguza lehemu ambayo mgonjwa, akishamaliza dozi za mwanzo, huchomwa mara 2 tu kwa mwaka.

Kwa hayo nawapongeza. Hata hivyo, mlibisha hodi kwenye ini, ini likaitika upesi, nanyi mkafanya makazi hapo. Hadi ninapoandika waraka huu, hakuna dawa hata moja ya aina hii iliyoidhinishwa kutibu saratani.

Wala si kwamba haiwezekani. Mwaka 2010 Mark Davis na wenzake walieleza habari za wagonjwa wa saratani ya ngozi waliodungwa mshipani chembe zilizobeba RNA ya kuizima jeni iitwayo RRM2. Chembe zilionekana ndani ya uvimbe, na kwa mgonjwa mmoja nakala ya agizo ilikutwa imekatwa pale pale ilipokusudiwa. Hodi ilisikika. Lakini mwaka huo huo kampuni ya dawa ya Roche ikajitoa katika utafiti huu. Kampuni nyingine, Merck, iliyoinunua kampuni ya Sirna mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.1, iliiuza mwaka 2014 kwa dola milioni 175. Sisemi kwamba hasara si hasara. Nasema kwamba mliingia kwa haraka ya soko na mkatoka kwa haraka ile ile, na mgonjwa wa saratani hana pa kutokea.

Nawaomba pia mseme hesabu zenu hadharani. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan, huko Toronto, lilipitia tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba, kwa kipimo cha kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Yaani katika kila chembe 1,000, ni 7 tu. Na kufika si kuingia. Seli huimeza chembe ndani ya kifuko, na RNA isipotoroka humo husagwa. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba RNA inayotoroka ni asilimia 1 hadi 2. Hesabu hizi mnazijua kwa moyo, lakini habari zinazotufikia ni za panya aliyepona. Mficha uchi hazai, waheshimiwa. Mkituambia chembe 7 zimefika, tutawaelewa na tutawasubiri. Mkitutangazia ushindi kila mwaka, iko siku hata ushindi wa kweli hautasadikiwa.

Mfano mmoja unatugusa huku kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1982 wanasayansi walipoichunguza saratani hiyo waliikuta jeni iitwayo MYC imehama mahali pake, na tangu hapo MYC imekuwa miongoni mwa jeni za saratani zinazojulikana zaidi duniani. Ikatengenezwa RNA ya kuizima, majaribio kwa binadamu yakaanza, na mwaka 2016 yakasimamishwa kwa sababu matokeo hayakufikia matarajio. Watoto wa Afrika Mashariki walichangia maarifa hayo kwa miili yao. Kuambiwa kwa ukamilifu chembe zilizobeba RNA hiyo ziliishia wapi, na kwa nini, ni haki yao.

Sasa nafika kwenye ombi langu kubwa. Ipo saratani ambayo haiwalazimu kusafiri na damu, na hata jina lake kwa Kiswahili lina mlango ndani yake: saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vya HPV huacha ndani ya seli jeni mbili, E6 na E7. E6 huiharibu protini ya p53 na E7 huifunga Rb, ambazo ni breki za seli. Jeni hizo ni za kirusi, hazimo katika seli yenye afya, hivyo ukizilenga humgusi mwenye nyumba. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walizizima katika maabara: E6 ilipozimwa ukuaji wa seli ulipungua, na E7 ilipozimwa seli zikafa. Na mahali penyewe daktari hupaona kwa macho na kupafikia kwa mkono. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, zaidi ya 9 katika kila 10 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Najua mtanijibu kwamba ute wa mahali hapo huzuia dawa, kwamba dawa ya kupaka haiifuati saratani iliyokwisha kusambaa, na kwamba chanjo ipo. Yote ni kweli. Tanzania inawachanja wasichana tangu 2018, nami huwahimiza wanafunzi wangu wachanjwe. Lakini mama zao na shangazi zao chanjo haikuwakuta, na kwa mwanamke ambaye vidonda vyake vimegunduliwa mapema, ute ni kizuizi chepesi kuliko mkondo mzima wa damu. Miaka zaidi ya 20 tangu 2002 ni mingi kwa mlango ulio karibu hivi. Nashindwa kuona sababu nyingine ya kuupita isipokuwa kwamba walio nyuma yake hawana fedha.

Basi nawaomba matatu. Mkitangaza mafanikio, tajeni na kiasi cha dawa kilichofika ndani ya seli. Jaribio likishindwa, lichapisheni lote, ili atakayefuata asijikwae pale pale. Na mlango wa kizazi muupe zamu yake, mkifanya kazi pamoja na madaktari wa hospitali zetu tangu siku ya kupanga, si siku ya kutafuta wagonjwa tu.

Yule binti anataka kusoma udaktari. Nimemwahidi kwamba mkinijibu, jibu lenu nitalisoma mbele ya darasa zima, neno kwa neno.

Wasalaam,

Mwalimu wa baiolojia, Tanga