Jinsi ya Kuangusha Seva kwa Kutafuta Jina

Kuangusha seva kwa kuimwagia chai ni kazi ya mtu asiye na elimu. Mwongozo huu ni wa wasomi: yule anayeandika moduli ya kerneli ya Linux, anayetaka tu kujua fanksheni fulani inakaa wapi kwenye kumbukumbu, na ambaye yuko tayari kuipata kwa gharama yoyote, alimradi gharama hiyo walipe watu wa zamu ya usiku.

Mazingira ya kazi ni haya. Kerneli ya Linux haiwaki na kila kitu tumboni. Draiva za kadi za mtandao, mifumo ya faili, vichujio vya mtandao, vingi huja kama moduli: hupakiwa kwa modprobe mashine ikiwa kazini, na huondolewa kwa rmmod vivyo hivyo. Moduli huitana kwa majina. Moja hutangaza jina kwa EXPORT_SYMBOL, nyingine hulitafuta. Kerneli huanzia kwenye jedwali lake yenyewe. Jina likikosekana humo, hupita moduli moja baada ya nyingine kwenye orodha, na ndani ya kila jedwali hutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, kwa kuwa tangu 2011 majina hayo yamepangwa kwa mfuatano wa herufi. Kazi yote huisha kufumba na kufumbua. Kwa sababu hiyo utajiambia kwamba hakuna kinachoweza kuharibika katika muda mfupi hivyo. Ishikilie imani hiyo, tutaihitaji.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuipita orodha bila kushika chochote. Ijaribu kwenye laptopu yako, itafanya kazi. Irudie mpaka uchoke, itaendelea kufanya kazi, maana kwenye laptopu yako hakuna anayeondoa moduli. Kisha ipeleke kwenye mashine yenye prosesa 64, ambako skripti ya matengenezo hupita usiku ikitoa moduli na kuzirudisha. Utafika usiku ambao prosesa moja imesimama juu ya moduli, ikisoma anwani ya moduli inayofuata, huku prosesa nyingine ikiirudisha kumbukumbu ya moduli hiyohiyo kwa kerneli. Msomaji ananyoosha mkono kwenye ukurasa ambao haupo tena. Raha ya njia hii ni kwamba huwezi kulirudia kosa mbele ya bosi: ukiongeza printk ili uone kinachotokea, mwendo unabadilika na kosa linajificha.

Tena hatari haiko kwa moduli zinazoondoka tu. Tangu toleo la 3.8, mwanzoni mwa 2013, moduli huingizwa kwenye orodha mapema sana, kabla majedwali yake hayajapangwa. Ilibidi iwe hivyo. Kwenye mashine zenye prosesa nyingi, udev, programu inayoshughulikia vifaa, ilikuwa ikiita moduli ileile mara nyingi kwa mpigo, na kila nakala ikijitwalia kumbukumbu kabla ya kugundua kwamba mwenzake ameshatangulia. Sasa moduli changa hupewa hali ya MODULE_STATE_UNFORMED, na kila anayepita orodhani anatakiwa airuke. Wewe usiiruke. Fungua jedwali lake la majina kabla halijajazwa, ujionee.

Baada ya kuanguka huku na huku utapata wongofu, na mwongofu mpya hushika kufuli kila anapokanyaga. Kerneli inalo kufuli la kazi hii, module_mutex. Tangu toleo la 5.12 la mwaka 2021 moduli za nje hazilifikii, kwa hiyo itakubidi uhariri kerneli yenyewe, jambo ambalo mtu aliyefika hapa halimshindi. Kumbuka tu kwamba hili ni kufuli la kulala: ukilikuta limeshikwa, unawekwa pembeni mpaka liachiwe, na prosesa inapewa kazi nyingine. Kwa hiyo liite ukiwa ndani ya kikatizo, mahali ambapo kulala ni haramu. Kama kerneli yako ilijengwa na ukaguzi unaotakiwa, itaandika kwamba fanksheni inayolala imeitwa mahali pasipofaa. Kama haikujengwa nao, itanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kubaya.

Lakini mahali patamu kuliko pote pa kuliweka module_mutex ni kwenye njia ya kifo. Kerneli inapoanguka huandika ripoti: fanksheni ipi ilikuwa ikiita ipi, hadi mahali mambo yalipoharibikia. Ili iandike majina badala ya namba ndefu, inabidi iulize kila anwani ni ya fanksheni gani, zikiwemo za moduli. Yaani kutafuta jina ni miongoni mwa kazi za mwisho zinazofanywa na kerneli inayokata roho. Sasa fikiria aliyeanguka alikuwa amelishika kufuli hilo mkononi. Ataliomba, ataambiwa lina mtu, naye mtu mwenyewe ni yeye. Atasubiri milele, na ripoti itakatikia katikati ya mstari. Watu wa zamu watakachokiona ni mashine iliyoganda na skrini isiyosema kitu, nao watasingizia umeme.

Walioandika kerneli waliliona hilo, ndiyo maana njia hiyo haishiki module_mutex hata kidogo. Fungua module_address_lookup uangalie jambo dogo lililomo. Ikishapata jina, hairudishi anwani ya jina na kuishia hapo. Inanakili herufi zenyewe kwenye bafa ya aliyeuliza, na inazinakili ikiwa bado ndani ya ulinzi. Sababu ni kwamba herufi za jina nazo zinakaa kwenye kumbukumbu ya moduli: moduli ikiondoka, inaondoka na jina lake. Kwangu mimi, anayeielewa nakala hiyo ndogo ameielewa mada nzima, na asiyeielewa anaweza kuendelea na mwongozo huu kwa faida.

Ulinzi wenyewe unaitwa RCU, kazi inayohusishwa zaidi na Paul McKenney, nao umo ndani ya Linux tangu 2002. Msomaji hagombanii kufuli na mtu. Anaonyesha tu kwamba ameingia, anasoma, anaonyesha kwamba ametoka. Anayeondoa moduli huichomoa kwenye orodha, kisha huita synchronize_rcu na kungoja mpaka kila msomaji aliyemkuta ndani awe ametoka. Hapo ndipo anaachia kumbukumbu. Zamani ilikuwa ubabe mtupu. Mpaka toleo la 3.19, mwanzoni mwa 2015, kuondoa moduli kulisimamisha prosesa zote za mashine kwa stop_machine, seva nzima ikakata pumzi kwa sababu ya draiva moja. Sharti la RCU kwa msomaji ni kwamba asilale akiwa ndani, kwa hiyo ukitaka vurugu omba kumbukumbu humo kwa GFP_KERNEL, ambayo ina ruhusa ya kulala ikisubiri.

Wanafunzi wengi wakifika hapa hupumua. Huo ndio wakati wa kuwamaliza.

Ingia kwenye RCU kwa adabu zote. Tafuta jina. Lipate. Toka. Mrudishie aliyekutuma anwani. Mkaguzi wa msimbo atapita hapo akitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa maana kutafuta kumelindwa barabara. Kilichoachwa wazi ni kile ulichokipata. Ni kama kuulizia nyumba ya fundi kwenye mtaa uliopigwa X nyekundu kupisha barabara. Saa nane mjumbe anakuelekeza bila kukosea: ya tatu kushoto, mlango wa bluu. Unapitia kwanza kwa mama ntilie, unafika saa kumi, tingatinga limeshapita. Mjumbe hakudanganya, alisema kweli ya saa nane. Nawe ukiita fanksheni kwa anwani ya saa nane, ukibahatika mashine itaanguka palepale. Usipobahatika, kumbukumbu ile itakuwa imeshapewa moduli nyingine, na prosesa itatumbukia katikati ya maagizo ya watu wengine na kuyatekeleza kwa utii mkubwa.

Wapo wanaotaka kufanya kazi hii bila kuangusha chochote, na kwa kuwa nao ni wasomaji niwape haki yao. Kabla hujatoka kwenye RCU, ita try_module_get. Inaongeza hesabu ya watumiaji wa moduli, ile inayoonekana kwenye safu ya tatu ya lsmod, na inakataa kama moduli imeshaingia hali ya kuondoka. Ikikataa, chukulia kwamba jina hukulipata. Ikikubali, rmmod ya kawaida itagoma mpaka utakaporudisha ulichochukua. Symbol_get hukufanyia yote kwa pamoja, kutafuta na kushika, na symbol_put huachia. Ukisahau kuachia, moduli hubaki inatumika mpaka mashine iwashwe upya. Ni aibu, lakini aibu ya kistaarabu. Sisi wengine tunaita try_module_get mstari mmoja baada ya kutoka. Mstari mmoja tu, nani atakuja kuingia hapo katikati?

Kuna wakati kushika hakufai kweli. Livepatch, mtambo wa kubandika viraka kwenye kerneli inayotembea, uliingia Linux mwaka 2015, nao una sababu nzuri ya kutozuia moduli zisiondoke: haifai kiraka kimoja kimkataze mwenye mashine kutoa draiva yake. Kwa hiyo hauongezi hesabu ya moduli unayoibandika. Badala yake unapewa taarifa moduli inapokuja na inapoondoka, ukavua kiraka kabla kumbukumbu haijaachiwa. Msimbo wake umejaa uangalifu kuhusu moduli iliyo katikati ya kuja na kwenda. Ukiiga sehemu ya kutoongeza hesabu, ukaiacha ile ya kupokea taarifa, umepata njia mpya ya kuanguka.

Sasa tuje kwa wajanja. Kwa miaka mingi moduli yoyote iliweza kuita kallsyms_lookup_name na kupewa anwani ya karibu kila jina ndani ya kerneli, liwe limetangazwa au halikutangazwa. Toleo la 5.7 la mwaka 2020 likaufunga mlango huo, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba ulitumika kulipiga chenga sharti la leseni ya GPL. Wajanja hawakulala njaa. Wanasajili kprobe, yaani mtego wa uchunguzi, kwa jina la fanksheni hiyohiyo, kerneli yenyewe inawajazia anwani yake, wanaichukua, wanaifuta kprobe, na maisha yanaendelea. Nawavulia kofia. Ila wanachorudi nacho ni namba tupu. Haina hesabu ya watumiaji nyuma yake wala haijui imetoka moduli gani. Na kama jina lenyewe limetumika katika faili zaidi ya moja, kama ilivyo kwa fanksheni nyingi za ndani, wanapewa la kwanza kukutwa, ambalo si lazima liwe lao. Anayejali huandika jina la moduli, nukta mbili, kisha jina la fanksheni. Wapo pia wanaonakili anwani kutoka /proc/kallsyms na kuibandika kwenye msimbo. Hao KASLR, inayohamisha anwani za kerneli, itawashughulikia mashine ikiwashwa upya, mimi sina la kuongeza.

Umeshika kila kitu inavyotakiwa na bado unatamani balaa? Ipo rmmod -f, kama kerneli yako ilijengwa na ruhusa hiyo. Inaondoa moduli hata ikiwa na watumiaji. Kerneli itajipaka doa la herufi R, ili atakayesoma ripoti baadaye ajue kwamba moduli iliondolewa kwa nguvu, na pengine asiendelee kusoma.

Ripoti yenyewe, ikiwa umebahatika kuipata nzima, isome mpaka chini. Kati ya majina ya fanksheni huenda ukaona namba kavu isiyo na jina: hiyo ni anwani iliyokuwa ndani ya moduli ambayo haipo tena, hakuna wa kuitambua. Kisha kuna mstari unaotaja moduli zote zilizokuwa zimepakiwa, na mwishoni mwake, ndani ya mabano ya mraba, ile iliyoondolewa mwisho. Ikiwa ni ile uliyokuwa ukiitafutia jina, na bado unataka kusingizia umeme, kata mstari huo kabla hujaituma ripoti popote.