Trauti wa Tahoe msimu wa baridi

Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, lina kina cha mita 501 na haligandi hata theluji inapofunika milima yote inayolizunguka. Ukarimu huo wa jiografia umewanyima wavuvi wa starehe kisingizio pekee cha kubaki kitandani. Boti hung'oa nanga kabla ya mapambazuko, kwa kuwa trauti wa ziwani, wenyeji humwita makino, hula vizuri mwanga ukiwa hafifu. Hakuna aliyewahi kumshawishi asubiri saa nne.

Samaki huyu hukaa kilindini. Mshipi hubanwa kwenye waya wenye tufe zito la risasi, winchi ikaushusha makumi ya mita, kisha boti ikaukokota polepole. Skrini ya sona huwaonyesha samaki wazi kabisa: wengi, wanene, wasio na haja. Barafu nayo huziba pete za fimbo, na kuiondoa huhitaji vidole bila glavu, yaani vile vilivyokwisha kufa ganzi.

Makino mwenyewe ni mgeni aliyeletwa mwishoni mwa karne ya 19. Trauti wa asili wa Lahontan alitoweka ziwani humo katika karne iliyofuata, akielemewa na uvuvi wa biashara, uharibifu wa mito ya kutagia na wageni hao. Leseni ya California au ya Nevada hukubalika botini. Makino mkubwa akipatikana, hupigwa picha na mara nyingi hurudishwa majini. Kitoweo cha jioni hununuliwa dukani.