Humu Hakuna Siasa

Unatafuta mjadala wa siasa wenye staha mtandaoni? Mtandao wa X sahau: nchini Tanzania ulifungiwa Mei 2025, wakabaki wenye VPN wakitukanana kwa kujificha. Nenda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kanuni ya kwanza: "Humu hakuna siasa." Ndiyo maana alfajiri shangazi hutuma picha ya mgombea wake, kaizungushia mawaridi na "Asubuhi njema wapendwa". Mkajibu amina. Ukithubutu kuuliza zile ahadi za maji ziliishia wapi, admini anakukumbusha deni lako la mchango wa harusi. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwa kundi. Mwenye swali hajawekewa nafasi. Ukijitoa, simu inaita: "Mwanangu, kwani tumekukosea nini?"