Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii

Mheshimiwa Waziri,

Naomba radhi kwa kukukatiza shughuli zako nyingi za kutuhudumia. Natumai u mzima, pamoja na familia na walinzi wako wote.

Kwanza, shukrani. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yule asiyeweza kuachwa bila wa kumwangalia. Sisi hatujazipata, lakini tunafurahi kujua kwamba zipo.

Mdogo wangu ana usonji, na hazungumzi. Tulipoziomba fedha hizo, afisa mmoja, muungwana kabisa, alimtazama akauliza ulemavu wenyewe uko wapi, maana miguu anayo. Kweli anayo, Mheshimiwa. Huitumia kukimbilia Spine Road kutazama matatu za nganya, na makanga wa steji, bila semina wala marupurupu, wamejifunza kumshika mkono na kumrudisha hadi kwenye ploti. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka mtu kama yeye aitwe kwa heshima. Makanga humwita “dere”, yaani dereva. Sijui kama Katiba ilikusudia hilo, ila yeye hucheka sana. Majirani wengine wana majina yao ya kumwita, ambayo sithubutu kuyaandika mbele yako.

Sasa ombi. Fomu ya Inua Jamii inataka mlezi mwenye kitambulisho. Mama hutoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo Donholm, kwa hiyo tangu darasa la nne mlezi nimekuwa mimi: kumlisha, kumwogesha, kumsaka. Mwalimu aliniandika mtoro. Serikali yako tukufu ilinitambua nilipotimiza miaka 18, na kwa unyenyekevu nauliza: kabla ya hapo, kazi ile ilikuwa ikifanywa na nani? Simlaumu mtoto. Nampenda, ingawa asubuhi nyingine nilimwonea kijicho, kwa kuwa yeye hakudaiwa chochote na mtu yeyote.

Basi, kama si usumbufu, fomu iongezwe mstari mmoja wa kaka na dada, hata wasio na kitambulisho, na shule zao zipelekewe habari.

Ukipata nafasi, karibu Kayole, chai ipo. Ila nakusihi msafara uje bila ving’ora. Akivisikia huziba masikio na kutimua mbio, nami nitalazimika kukuacha mlangoni na kikombe mkononi, nimfuate.

Wako mtiifu,
Dada mtu, Kayole