Kijana, Poti na Majani ya Jumamosi

Huku Konoin, kaunti ya Bomet, mvua haingojei masika. Adhuhuri ikishapita, mawingu hujikusanya upande wa Mau, na mara mabati yanapigwa hadi watu wa nyumba moja wanasemezana kwa kupaza sauti. Mama anayemwachisha mtoto nepi huyachunga mawingu hayo kuliko hata wachuma chai. Suruali iliyofuliwa asubuhi inatolewa kambani ikiwa mbichi, inaning'inizwa juu ya meko, na kesho mtoto anavaa nguo yenye harufu ya moshi.

Kijana wetu alikuwa anaelekea miaka mitatu. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Kogo, alishachoka na nepi za dukani. Kwake mtoto hangojewi, anafundishwa. Na Kogo ana mashahidi. Mnamo miaka ya 1970, watafiti Charles Super na mkewe Sara Harkness waliishi miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet, na mwaka 1976 Super akaandika kwamba watoto wa huko hukaa na kutembea mapema kwa kuwa mama zao huwazoesha kwa makusudi. Mwaka uliofuata, watafiti wengine, Marten na Rachel deVries, wakaeleza habari za Wadigo wa pwani yetu: mama huanza wiki za kwanza tu, anampakata mtoto miguuni na kumtolea sauti ya kumwitia mkojo, na miezi michache baadaye mtoto anaitikia.

Sisi tulikuwa tumechelewa, basi tukanunua poti. Asubuhi za Julai huku juu plastiki huwa baridi kali, na kijana akiketi anaruka. Choo chetu ni cha shimo, kiko chini ya shamba, njia yake ni utelezi, na tundu lake lilikatwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto alikiogopa, na mimi nilikuwa upande wake.

Waliomfungua macho ni wajomba. Walipokuja kusaidia kuchuma, aliwaona wakisimama pembeni mwa michai, naye akasimama kando yao, kifua mbele. Suruali ikabaki kavu hadi jioni. Dada yake akampigia makofi, nami nikampigia.

Jumamosi hiyohiyo tulikuwa tumetandaza majani barazani kungoja lori la kiwanda. Majani mabichi hayashindiliwi. Yakirundikana hupata joto, yanageuka mekundu, na karani wa kituo cha kununulia majani hayataki. Yalikuwa mazuri, majani mawili na kichipukizi, uchumaji wa tangu alfajiri. Kijana akatoka ndani mbio, akaita "Susu!" kama tulivyomfunza, akashusha suruali, akasimama wima mbele ya majani, akakojoa hadi tone la mwisho. Kisha akageuka kungoja makofi.

Dada yake alipiga yowe. Mimi nilizizima, kwa sababu ile ilikuwa ada ya shule. Kogo akainua mkono kabla mtu hajamgombeza. "Mwacheni. Amesimama pale wanaume walipomwonyesha, mbele ya chai." Majani yale hayakupelekwa kituoni. Chai inanywewa na watu, na baba yake kijana aliyabeba mwenyewe hadi shimo la mbolea.

Kutoka siku hiyo kazi ya kumfunza kijana ikawa ya baba, na nasema waziwazi kwamba ilipaswa kuwa yake tangu mwanzo. Mtoto wa kiume humtazama mwanamume. Kumwachia mama na dada kazi hii yote ni kumnyima mtoto mwalimu wake. Baba yake alikata mdomo wa mtungi wa mafuta ya kupikia, akaufunga kwenye ukuta wa bafu, usawa wa kijana. Chooni akatengeneza ubao wenye tundu dogo wa kuwekwa juu ya lile kubwa, na kila anapokwenda anamshika mkono waende pamoja: baada ya chai ya asubuhi, kabla ya kulala mchana, na mawingu yanapoanza kukusanyika.

Mchana sasa ni mkavu. Usiku bado, usiku huja baadaye kwa watoto wengi, na tumetandika nailoni chini ya shuka bila kumsema. Wajomba nao wakifika kuchuma wanapokelewa na Kogo langoni, kabla hata ya salamu kuisha, na kuonyeshwa choo kilipo.