Sifa za Fomu ya Viza

Fomu ya kuombea viza haijapata mtetezi. Ng'ombe wa Burundi wana majina yao ya sifa. Ngoma ya kifalme, ile inayotunzwa Gishora karibu na Gitega, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Hata nzi aliwahi kuandikiwa sifa na Lucian wa Samosata, karne nyingi zilizopita. Fomu hii peke yake, inayomwamsha mtu wa Muyinga alfajiri akapande basi na kumrudisha usiku akiwa na deni, huambulia laana. Nataka kuitetea. Hoja yangu ni moja, na msomaji akiikataa basi ameukataa utetezi wote: katika ofisi zote ambazo Mrundi wa kawaida hubisha hodi, hii ndiyo pekee inayomtaka aoneshe kwamba kwao kuna kitu cha kumrudisha. Msimamizi wa tarafa hamwulizi hilo. Benki humwuliza dhamana, mwanasiasa humwuliza kura, padri na shehe humwuliza habari za makao ya milele. Kama hapa hapa duniani, kwenye kilima alikozaliwa, ipo sababu ya mtu mzima mwenye akili zake kurudi, swali hilo limeachiwa dirisha la ubalozi.

Wanaosema kwamba fomu inadharau watu hawajaisoma kwa utulivu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu cha 214(b), inamhesabu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa mhamiaji mpaka amridhishe afisa kwamba siye. Kanuni za viza za Schengen za mwaka 2009 nazo zina karatasi maalumu ya kukatalia, yenye visanduku, na kinachojulikana kuliko vyote ni kile kinachosema ipo shaka ya msingi kuhusu nia ya mwombaji kuondoka kabla viza yake haijakwisha. Watu hukasirika wakikiona kimetiwa alama. Mimi naona heshima. Kumdhania mtu kwamba akifika Brussels hatatoka ni kumdhania kwamba ana akili ya kupima, kwamba anajua bei ya mchele na mshahara wa mwalimu huko atokako, na kwamba miguu yake husikiliza hesabu kuliko inavyosikiliza hotuba. Ni nani mwingine amewahi kumwona mkulima wa Gasorwe kuwa mtu wa hatari kiasi hicho, anayeweza kulitikisa bara zima kwa kulala huko usiku mmoja zaidi?

Kisha fomu inamsomesha. Mtu wa Gitega mwenye ng'ombe wanne, migomba, miti ya kahawa na itongo aliloachiwa na babu yake ni mtu mwenye mali machoni pa majirani, na bashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima chake, wako tayari kusimama walishuhudie hilo mbele ya yeyote. Ubalozi haupokei ng'ombe, wala haumwiti mshingantahe. Unataka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya mwajiri, hati ya ardhi, cheti cha ndoa. Burundi ilipitisha sheria ya ardhi Agosti 2011 iliyozipa tarafa nafasi ya kutoa vyeti vya mashamba, lakini maitongo mengi bado yanalindwa na miti ya mpakani na kumbukumbu za wazee. Anayetaka viza ndiye anayetambua kwa mara ya kwanza kwamba shamba alilolima maisha yake yote, kwa lugha ya karatasi, halipo. Ndoa nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 serikali ya Rais Pierre Nkurunziza ililazimika kutoa amri kwamba wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria wafunge ndoa kabla mwaka haujaisha. Fomu haijawahi kumwamuru mtu. Ina mstari mmoja tu kuhusu hali ya ndoa, na mwanamume aliyekaa miaka mingi na mama watoto wake bila karatasi huenda mwenyewe kwa msajili, kwa haraka, mashahidi wakiwa nyuma yake. Hata ramani inakaguliwa hapo. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa 5, na tarafa 119 zikawa 42. Muyinga haikubaki mkoa. Sasa ni tarafa ndani ya mkoa wa Buhumuza. Mwenye cheti cha kuzaliwa kinachotaja mkoa wa Muyinga anatakiwa ajaze mkoa usiokuwapo tena, mbele ya mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kushuku.

Watasema ni ghali, na ni kweli. Ada ya viza ya Schengen ilipandishwa kutoka euro 80 hadi 90 tarehe 11 Juni 2024. Ya Marekani ilifika dola 185 mwaka 2023. Zote hazirudishwi mtu akikataliwa. Kwa Schengen kuna pia bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Halafu kuna njia yenyewe. Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, lakini balozi nyingi zimebaki Bujumbura, kiasi cha kilomita 100 kuteremkia huko kupitia Bugarama, kwa hiyo raia anaondoka mji mkuu kwenda kuitafuta dunia katika mji uliovuliwa cheo. Wa Muyinga, kwa kupitia Ngozi na Kayanza, husafiri karibu mara mbili ya hapo, akijaliwa kupata gari katika nchi ambayo foleni za petroli zimekuwa ndefu kuliko za viza. Lakini tazameni anachokipata kwa gharama hiyo. Mei 2023 Benki Kuu ilipandisha bei rasmi ya dola kutoka takribani faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800, na bado bei ya mtaani ikaendelea kupaa mpaka ikazidi mara mbili ya ile rasmi. Mtu anayehangaika kutafuta euro 90 halali, zenye risiti, huielewa sera ya fedha ya nchi yake ndani ya wiki moja, bila mwalimu. Wapo wabunge ambao wangenufaika na zoezi hilo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wazee. Wao husema kwamba zamani watu walikwenda bila fomu: vijana wa Muyinga na Ruyigi waliingia Tanganyika kufanya kazi za manamba kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakapanda hadi Buganda kulima pamba na kahawa, na waliotaka kurudi walirudi. Ni kweli pia kwamba ulimwengu uliishi karne nyingi bila daftari hili tunaloliita pasipoti, ambalo sura yake ya kurasa 32 ilikubaliwa katika mkutano wa Paris mwaka 1920. Na hata leo mtu wa Muyinga huvuka Kobero kuingia Ngara bila viza, kwa sababu Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na hakuna mtu pale mpakani anayemdai taarifa ya benki. Nayakubali yote hayo. Ila mpaka huo huo unaisaidia hoja yangu. Walioukimbilia mwaka 1972 hawakuzuiwa wala kuvutwa na fomu yoyote. Walikimbia mauaji, na mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 miongoni mwao na watoto wao. Kilichoamua nani arudi na nani abaki kilikuwa upande wa huku.

Kama mtu bado ana shaka, lipo jaribio lililofanywa bila mtu kukusudia. Februari 2018 Burundi ilifuta utambuzi wake wa Kosovo. Serbia, isiyoikubali Kosovo kuwa nchi, ilifurahi, ikawafungulia Warundi mlango waingie bila viza. Sidhani kama kuna mtu katika wizara yoyote aliyetazamia kwamba ugomvi wa Balkani ungekuwa habari njema kwenye vilima vya Gitega, lakini ilipofika mwaka 2022 njia ya Belgrade ilikuwa inajulikana, watu wakauza viwanja na magari kutafuta nauli, na wengi wakaendelea mbele hadi Croatia na Ubelgiji kuomba hifadhi. Oktoba 2022, kwa shinikizo la Umoja wa Ulaya, Serbia ikaurudisha ulazima wa viza. Katika muda ule mfupi fomu ilipokosekana, swali lake lilijibiwa kwa miguu. Vijana nao wamelijibu. Julai 2017 wanafunzi sita wa Burundi waliokwenda Washington kushindana katika roboti walitoweka baada ya mashindano, wawili kati yao wakaonekana wakivuka kuingia Canada. Agosti 2023 wachezaji kumi wa timu ya vijana ya mpira wa mikono walitoweka Rijeka, Croatia, wakati kombe la dunia la umri wao likiendelea. Hawa hawakuwa wavivu wala wahalifu. Walikuwa watoto waliochaguliwa kwa sababu ni hodari. Afisa wa viza akisoma habari hizo hujiona amethibitishwa. Kosa lake ni dogo lakini si la kupuuzwa: hudhani amempima kijana, kumbe ameipima nchi. Kijana ndiye aliyelipa ada ya kipimo.

Hapo ndipo wanapoingia wale wanaoomba viza wakiwa tayari ugenini, na hapo sifa za fomu zinafika kileleni. Kanuni za Schengen humtaka mtu aombe pale anapoishi kihalali. Mfilipino anayehudumia wagonjwa Riyadh au kukaa kaunta ya duka Muscat haendi Manila kuomba viza ya kuiona Paris. Anaiombea pale pale, kwa kibali cha kuishi ambacho muda wake hautakwisha upesi baada ya safari, na kwa barua ya mwajiri inayosema kazi yake inamngoja. Dada wa Muyinga aliyekwenda Saudia baada ya nchi hiyo na Burundi kutia saini mkataba wa wafanyakazi Oktoba 2021 yumo katika foleni hiyo hiyo, akibahatika kuwa na pasipoti yake mkononi. Wote wawili wanatakiwa kuthibitisha nia ya kurudi, lakini si kurudi Mindanao wala Muyinga: kurudi kwa bosi. Saini ya mwenye nyumba anayemwoshea vyombo ina uzito kuliko mama yake mzazi, watoto wake na kaburi la baba yake. Atakayeona ukatili katika hilo akumbuke kwamba fomu haikubuni mpangilio huo. Imeuandika tu, kwa wino mweusi na herufi kubwa, mahali ambapo kila mtu mwingine anazungumza juu ya fedha zinazotumwa nyumbani. Ufilipino, kwa haki yake, iliunda wizara nzima ya wafanyakazi wahamiaji kwa sheria ya Desemba 2021. Nchi hiyo ilikwisha kukubali kwamba raia wake wako nje na watabaki nje, ikaajiri makarani wa kushughulika na jambo hilo. Sisi bado tunawaaga uwanja wa ndege kana kwamba wanakwenda msibani Rumonge na kurudi Jumapili.

Labda mtu atauliza mbona mwenye pasipoti ya Ubelgiji hasumbuki hivyo. Hasumbuki kwa sababu hakuna anayemshuku kuwa anapendelea kubaki Gitega, na hilo, ukilitafakari, si sifa kwake wala kwa Gitega. Lakini Warundi wamekwisha kuonja kitu kibaya kuliko fomu. Tarehe 4 Juni 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo lililoiweka Burundi miongoni mwa nchi 7 zenye vizuizi vya sehemu, kuanzia tarehe 9 ya mwezi huo: viza za matembezi, za biashara na za wanafunzi zikasimamishwa, pamoja na za wahamiaji. Hapo hakuna visanduku wala swali la nia. Mwenye itongo lenye hati, ndoa iliyosajiliwa na akaunti iliyonona amewekwa sawa na asiye na chochote, kwa kuwa jibu limetolewa kabla ya ombi. Nadhani siku hiyo hata maadui wa fomu waliikumbuka kwa huzuni kidogo. Ilikuwa inakataa, lakini ilikuwa inauliza.

Nina ombi moja kwa wakubwa walioko Gitega. Kila Mrundi anayepewa ile karatasi yenye kisanduku cha nia ya kurudi aruhusiwe kupeleka nakala, jina lake likiwa limefutwa, katika ofisi ya tarafa yake. Zikusanywe kutoka tarafa zote 42, na mara moja kwa mwaka zisomwe kwa sauti mbele ya maseneta, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja, kabla ya bajeti kujadiliwa.